Mzee Apumzike

Katika kota za reli za Nsambya, Kampala, hakuna mtu mzima aliyekuwa akifanya mazoezi, isipokuwa mabondia, na mabondia tuliwahesabu kuwa watu wa kabila lao. Baba zetu walikuwa na kazi. Wangu alianza kama mpagazi wa Gudshedi, ghala la mizigo la reli, akapanda hadi kuwa karani wa kuhesabu magunia, na kupanda huko kulionekana mwilini kabla ya kuonekana kwenye mshahara: shingo ilipungua, mabega yakashuka, tumbo likajitokeza. Mama aliliona tumbo lile akafurahi. Lilikuwa cheo.

Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, kwa hiyo kazi ya mizigo niliiona kwa macho yangu. Reli ilikuwa imefika Kampala tangu 1931, na kahawa ilishuka nayo hadi Mombasa ndani ya magunia ya kilo 60. Watu wawili walilishika gunia pembeni, wa tatu akaingia chini yake huku amekunja magoti, akainuka nalo mgongoni taratibu, akapanda ubao mpaka ndani ya behewa. Hawakuwa na misuli ile ya kwenye sinema. Walikuwa watu wakavu, wenye mapaja yaliyojaa na viganja vigumu. Wenye mvi walikuwemo pia, kwa kuwa kibarua hakuwa na pensheni, alibeba mpaka mwili ukatae.

Na mwili ulikataa. Hapa ndipo ninapoachana na wazee wenzangu wanaopenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na afya kwa sababu walifanya kazi ngumu. Jirani yetu wa kota ya pili aliacha kazi akiwa hawezi kunyooka. Alitembea akitazama vidole vya miguu yake hadi alipozikwa. Gunia halikupunguzwa uzito siku alipoumwa, wala hakupewa siku ya kupumzika baada ya siku nzito. Mzigo wa ajira hupimwa kwa faida ya mwenye mali. Mzigo unaompimia mbebaji ni kitu kingine kabisa, nami nilikuja kukijua kitu hicho nikiwa mzee.

Nguvu zilizodumu kwa watu wa wakati ule zilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazama: sakafuni. Maisha yetu yalikuwa chini. Mama alipika akiwa ameketi kwenye kigoda kisichofika magotini, akafagia uani ameinama na fagio fupi, akafua amechuchumaa. Mgeni akibisha hodi, hasa akiwa mkubwa wa baba, mama alipiga magoti kumsalimia kama walivyofanya wanawake wa Buganda waliotuzunguka, ingawa yeye hakuwa mtu wa Buganda, kisha akainuka bila kushika kitu, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Chakula kililiwa mkekani. Choo kilikuwa cha shimo, na kwenye choo cha shimo hakuna pa kuegemea. Baba alisali sala tano, na kila rakaa ina kusimama, kuinama, kusujudu na kuinuka. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akija kututembelea kutoka Tororo, aliinuka kutoka mkekani akiwa na meno machache na mapaja mazima. Hakuna aliyemsifu. Mtu huwezi kumsifu mwenzako kwa kuinuka.

Mabondia walikuwa jambo jingine. Vijana wa Naguru, Nakawa na kambi za polisi walikuwa na klabu zao, na kutoka kwenye klabu za namna hiyo Uganda ilipata jina duniani. Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979. Kabla yake, askari polisi John Akii-Bua alikuwa amekwisha kuleta dhahabu kutoka Munich, 1972, mita 400 kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82. Kotani tulisimuliana kwamba alifanya mazoezi akiwa amevaa kizibao chenye risasi ndani yake ili mwili uwe mzito, na hadithi hiyo ilikuwa ya kweli. Sisi vijana tukajaza saruji kwenye makopo ya maziwa, tukayaunganisha kwa kipande cha bomba, tukawa na vyuma vyetu. Mzee mmoja wa reli alipita akatuona, akauliza: “Nyinyi mnabeba bure?” Tulicheka wote. Swali lake lilikuwa la haki katika mji ambao kila kilo iliyobebwa ilikuwa na bei.

Ikaja miaka ya magendo. Petroli ikaadimika, mabasi yakapotea barabarani, na baada ya vita vya 1979 maji ya bomba yakawa ya kubahatisha. Kampala nzima ikarudi miguuni. Mama, ambaye alikuwa amezoea bomba la kota, akaanza kwenda kwenye chemchemi na jerikeni ya lita 20 kichwani, na mtu anayeijua Nsambya anajua kwamba ukiteremka lazima upande. Waliobaki na magari ni wale tuliowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, na jina lile lilieleza biashara zao na mashavu yao kwa pamoja. Tuliwaonea wivu. Siku tutakapopata, tulisema, wazazi wetu hawatabeba kitu tena.

Na tulipopata kidogo, tukatimiza.

Baba alistaafu, tukahamia Kibuli, chini ya kilima. Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi na mume wake ana duka. Wao ndio walionunua kiti kikubwa chenye mito, kikawekwa barazani. Jina lake lilikuwa “kiti cha mzee”, na watoto walikatazwa kukikalia. Kila alichoshika baba, mtu alikichukua. Akishika panga kupunguza nyasi, mjukuu alilipokea kwa mikono miwili: “Jaja, lete, wewe pumzika.” Akishika jerikeni, mama alimwita kijana. Akisema anakwenda dukani kununua wembe, wembe uliletwa. Msikiti uko juu kilimani, naye alikuwa akipanda kwa miguu kila Ijumaa. Jirani mwenye gari akaanza kumpitia, na tulimshukuru jirani huyo kwa kuku. Hakuna hata moja katika hayo lililofanywa kwa ubaya. Kwetu mkubwa kubeba mzigo mbele ya mdogo ni aibu ya mdogo, na nyumba nzima inaweza kusemwa kwa ajili ya ndoo moja. “Mzee apumzike” lilikuwa neno la heshima, na baba mwenyewe alilipenda. Alikuwa amebeba vya kutosha.

Kilichofuata kilikuja polepole kiasi kwamba hakikuwa na tarehe. Alianza kuinuka kwa kusukuma mikono ya kiti. Baadaye akawa anajitikisa mara mbili mbele kabla ya kuinuka. Salamu yake, ambayo zamani ilikuminya vidole mpaka ukaomba radhi, ikawa laini. Akaacha kusujudu, akasali ameketi. Dini inamruhusu asiyeweza, na sikumsikia mtu akiuliza kama hawezi au ameacha kuweza. Kisha ikaja habari ya choo. Mtu mzima aliyechuchumaa kwenye choo cha shimo akashindwa kuinuka ana mambo mawili ya kufanya, kukaa kimya au kuita, na baba alikaa kimya muda mrefu sana siku ile kabla ya kuita. Ndugu yangu alifunga kamba kwenye boriti ya choo ili awe anajivuta. Tuliona tumetatua tatizo.

Nyonga ilivunjika katika miaka ya tisini, uani, mahali pasipo na jiwe wala utelezi. Alijikwaa kwenye kitu ambacho mtu mwingine angejikwaa akapiga hatua moja ya haraka na kuendelea na safari. Hatua hiyo moja ya haraka ndiyo hakuwa nayo. Hakufa kwa mfupa. Alifariki miezi kadhaa baadaye kwa mambo yanayomfuata mtu aliyelazwa: kifua, vidonda, kukata tamaa ya chakula.

Kilichonisumbua baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya, ni mwaka. Mwaka 1990, wakati kamba ile imekwisha kufungwa kwenye boriti, daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha habari za wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wakongwe, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwapa vyuma, vya mapaja, na si vyepesi. Kazi ilidumu wiki nane. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, maana yake karibu mara tatu ya walivyoanza, na wawili waliacha mikongojo. Walipoacha mazoezi, nguvu zikaanza kupungua tena ndani ya wiki chache. Baba alikuwa mdogo kuliko mdogo wao kwa miaka ishirini.

Maelezo ya wataalamu ni mepesi kuyaeleza kuliko kuyakubali. Msuli huanza kupungua mtu akiwa bado anajiona kijana, na baada ya miaka sitini kupungua huko kunashika kasi. Nguvu hutoroka mbele ya nyama, kwa hiyo mguu unaweza kuonekana mzima na usiwe na kazi. Nyuzi zinazotangulia kupotea ni zile za haraka, zinazomzuia mtu asianguke anapojikwaa. Msuli ndio unaovuta sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu baada ya kula, hivyo ukisinyaa, kisukari kinapata nafasi. Mfupa nao hujiimarisha kwa kuvutwa na msuli. Usipovutwa unapungua kimyakimya. Hata salamu ya baba ilikuwa na maana. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 17, uliotolewa mwaka 2015 baada ya kupima watu karibu 140,000, ulionyesha kwamba nguvu za kiganja zinatabiri kifo vizuri kuliko kipimo cha juu cha shinikizo la damu. Sisi tulikuwa tukipimwa na wazee wetu kila tuliposhikana mikono, nao wakipimwa na sisi, na hakuna aliyeandika majibu.

Mwaka 2018 Waganda tulipata sifa ambayo bado inarudiwa kwenye hotuba. Shirika la Afya Duniani lililinganisha nchi 168, na Uganda ikatokea kuwa ya kwanza kwa watu wanaoushughulisha mwili: wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 5.5 tu, wakati Kuwait walikuwa 67. Mwaka huohuo serikali ikaanzisha siku ya taifa ya mazoezi, mwezi Julai. Nilifurahi kama wengine. Lakini hesabu ile imehesabu jembe, jerikeni na safari ya miguu kwenda kazini, yaani umaskini umehesabiwa pamoja na bidii, na takwimu zetu zilitokana na watu wa miaka 18 hadi 69. Mzee wa miaka 75 aliyeketi barazani Kibuli hakuulizwa.

Aliyeulizwa, au tuseme aliyejibu bila kuulizwa, ni Rais. Aprili 2020, wakati wa karantini ya korona, watu walikuwa wakijazana kukimbia kwenye barabara ya Northern Bypass. Akapiga marufuku, akasema fanyeni ndani. Kesho yake ikatolewa video: Yoweri Museveni, miaka 75, miguu mitupu, akizunguka ofisini mwake kwa mbio za taratibu, kisha akashuka kwenye zulia akapiga pushapu 30. Kila mtu ana maoni yake juu ya mtu huyo, nami nina yangu. Lakini wiki ile, katika mtaa wetu, wazee ambao hawakuwa wamegusa sakafu kwa miaka walishuka kujaribu. Mmoja aliinuliwa na watoto wake. Wengine walitusimulia kwamba wamepiga kumi, na hatukuomba ushahidi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia wenye mvi wa Kampala wakibishana juu ya nguvu za mikono badala ya ardhi.

Ubishi ule uliacha kikundi. Tunakutana asubuhi nyuma ya jimu ya vijana, chini ya mwembe, kwa sababu ndani muziki ni mkubwa mno. Wengi ni wanawake. Wanaume wa rika langu wanaona haya kuonekana wakibeba kitu chepesi. Kocha wetu ni kijana aliyewahi kuwa bondia, amesomea kidogo na anasikiliza zaidi. Kwanza kabisa humtuma mtu kupima shinikizo la damu, na asiyeleta kipimo hukaa pembeni. Anatuita jaja wote, babu kwa bibi, kisha anatuagiza bila huruma.

Vifaa vyetu vingemchekesha yule mzee wa reli. Kuna jerikeni za lita tatu, tano, kumi na ishirini, na uzuri wa jerikeni ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hakuna anayedanganya. Kuna mipira ya tyubu za baiskeli iliyofungwa kwenye mti, ya kuvuta. Kuna benchi. Tunakaa kwenye benchi na kuinuka, mikono imekunjwa kifuani, tukishuka polepole kuliko tulivyopanda, maana kocha anasema kushuka ndiko kunakojenga. Tunaiinua jerikeni kutoka chini kwa magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, tukitoa pumzi wakati wa kuinua. Kuzuia pumzi ni marufuku, hasa kwa wenye presha. Tunatembea uani na jerikeni mbili, moja kila mkono. Mara ya mwisho na ya kabla ya mwisho ya kila zoezi lazima ziwe ngumu. Zikiwa rahisi, maji yanaongezwa. Na baada ya siku ya mizigo inakuja siku ya kupumzika, jambo ambalo wapagazi wa Gudshedi hawakulipata maishani. Shirika la Afya Duniani linasema siku mbili au zaidi kwa wiki za kujenga nguvu, na kwa waliofika miaka 65, siku tatu au zaidi za mazoezi yanayochanganya nguvu na kukaa sawa kwa miguu. Tunasimama kwa mguu mmoja tukiwa tumeushika mwembe, kisha tunauacha.

Ugomvi mkubwa ni chakula. Msuli haujengwi kwa chai ya rangi na muhogo, na huo ndio mlo wa wazee wengi wanaokaa peke yao mchana. Kocha anahubiri mukene, yaani dagaa wetu, maharagwe, mayai, karanga. Mama mmoja humkatiza kila mara: mayai kwa fedha ipi? Tulipoanza kikundi, ruzuku ya wazee ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na hukuipata mpaka ufikishe miaka 80. Tumekubaliana juu ya mukene, kwa sababu ni wa bei ndogo na kipimo kimoja kinatosha siku kadhaa. Harufu yake inawafukuza wajukuu jikoni, jambo ambalo baadhi yetu tunaliona kuwa faida ya pili.

Watoto wetu hawajaelewa. Binti yangu alinikuta nimebeba jerikeni ya lita kumi kutoka bombani akaishika kwa nguvu, akauliza majirani watasema nini. Nilimwambia ni dawa. Akaniambia dawa haibebwi mkononi mbele ya watu. Tumefikia maafikiano ya kifamilia: asubuhi na mapema nabeba mimi, mchana, watu wakiwa wanapita, anabeba kijana. Mama mmoja wa kikundi chetu, anayesali Namirembe, anasema furaha yake ni kwamba amerudi kupiga magoti kanisani na kuinuka bila kushika benchi la mbele. Mimi nasujudu. Goti la kushoto linalalamika, na kocha amelipunguzia kazi bila kulifuta.

Kinachotushinda ni misiba. Ukifika msibani ukiwa na mvi, kabla hujavua kofia umekwisha kuletewa kiti, kile cheupe cha plastiki, kinafutwa vumbi na kijana aliyeinama, na kukikataa ni kuwatukana wafiwa. Kwa hiyo nakaa. Lakini nimejiwekea utaratibu: kila anayekuja kunisalimia, awe mkubwa au mtoto wa shule, ninainuka wima, mikono mbali na kiti, namshika mkono, kisha nashuka polepole. Watu wa Kibuli ni wengi na wanapenda kusalimia. Mwezi uliopita, kwenye msiba wa jirani, bwana mmoja aliyeketi nyuma yangu alimnong'oneza mkewe kwamba mzee huyu ana adabu ya ajabu, kisha akaja kunisalimia yeye mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho kabla ya mazishi, nikashuka polepole zaidi.